Mti uliomkatalia binti yangu epo

Tarehe 25 Juni 1888 mji wa Umeå, kaskazini mwa Sweden, uliungua karibu wote. Siku hiyo hiyo mji wa Sundsvall, kusini zaidi kwenye pwani ile ile, nao uliteketea. Nyumba zilikuwa za mbao, upepo ulikuwa mkali, moto ukawa unaruka kutoka paa hadi paa. Walipojenga upya, watu wa Umeå walipanua barabara na kupanda mibetula kando yake, ili siku moto ukizuka tena ukutane na majani mabichi kabla haujafika mtaa wa pili. Mbetula ni mti mrefu, mwembamba, wenye gome jeupe linalobanduka kwa tabaka. Tangu hapo Umeå unajulikana Sweden nzima kuwa mji wa mibetula.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Nilikuja Umeå kwa ndoa, watoto wangu wamezaliwa hapa, na miti hiyo naipenda kwa dhati. Baada ya miezi ya giza na theluji, majani yake yanapochipua hata watu wasiosalimiana wanaanza kusalimiana. Lakini mti huo huo ndio uliomfanya binti yangu ashindwe kula epo. Si dawa walizopulizia shambani, si nta ya kung'arishia matunda ya dukani, wala si deko. Ni mti. Naandika kwa sababu wazazi wenzangu wa Kiswahili huku, wakiwemo jirani zetu waliotoka Kivu, wananisimulia mambo yale yale ya watoto wao, na kila nyumba ina maelezo yake. Wengine wamekataza matunda yote. Wengine wanamlazimisha mtoto amalize. Wote wanafanya hivyo kwa mapenzi, na njia zote mbili zinamuumiza mtoto.

Shule za huku zina muda mfupi wa kula tunda asubuhi. Binti yangu alianza kurudi na epo lake kwenye mkoba likiwa limeng'atwa mara moja tu, pale lilipong'atwa pamekuwa pa kahawia. Nilipomuuliza akasema linamkuna. Nikamwambia anionyeshe wapi. Akagusa mdomo wa juu, akatoa ulimi, kisha akaingiza vidole vyote viwili masikioni. Hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu mtoto anayetunga uongo kuhusu tunda hawezi kufikiria masikio. Mwasho wa kaakaa na koo husikika mpaka ndani ya sikio kwa kuwa mishipa ya fahamu ya sehemu hizo inahusiana. Baada ya nusu saa ulikuwa umekwisha, bila dawa. Karoti mbichi ilifanya vivyo hivyo. Cheri pia, na pichi. Ndizi haikufanya kitu. Chungwa halikufanya kitu.

Daktari wa kituo cha afya alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Mwezi wa Mei anapiga chafya?" Anapiga, ndiyo. Kila mwaka macho yanakuwa mekundu, pua inatiririka, usiku anakohoa. Hatukuwahi kuviweka hivyo viwili pamoja, chafya ya Mei na epo la Novemba.

Mbetula haumtegemei nyuki. Unategemea upepo, na kwa kuwa upepo hupoteza mzigo mwingi njiani, mti hutoa chavua kwa wingi wa ajabu. Kila kishada cha maua ya kiume, vile virefu vinavyoning'inia kabla majani hayajakomaa, hubeba chembe kwa mamilioni. Chembe moja haifiki hata sehemu 3 za mia za milimita, kwa hiyo huioni. Ule unga wa manjano unaotanda kwenye boneti za magari na madimbwi mwezi wa Juni, ambao watu wengi huulaumu, kwa kiasi kikubwa ni wa misonobari, na chavua ya msonobari huwasumbua watu wachache sana. Inayotesa imeshapita wakati huo. Tena si lazima iwe ya hapa: siku nyingine inabebwa na upepo kutoka Finland au nchi za Baltiki, mibetula ya kwetu ikiwa bado imefumba.

Ndani ya chembe hiyo mna protini moja ambayo wataalamu wameipa jina Bet v 1, kutokana na jina la kisayansi la mti. Mtu anaivuta msimu baada ya msimu. Kwa wengi hakuna linalotokea. Kwa wengine mwili unaamua kwamba huyu ni adui, unatengeneza kingamwili maalumu za aina ya IgE, na kingamwili hizo zinakaa juu ya seli zilizojaa histamini, kwenye pua, macho, mdomo na ngozi, zikisubiri. Protini ikirudi, seli hizo zinamwaga histamini, na histamini ndiyo inayoleta mwasho, uvimbe na makamasi. Elimu hii ina sehemu ya mizizi yake hapa hapa Sweden. Mwaka 1966 Kimishige na Teruko Ishizaka, mke na mume kutoka Japani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, walitangaza kuwapo kwa kingamwili hiyo. Mwaka 1967 Gunnar Johansson na Hans Bennich wa Uppsala wakaieleza kwa njia yao wenyewe. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaridhia jina IgE. Kabla ya hapo daktari angeona chafya asijue ni nini hasa damuni kinachoiwasha.

Sasa epo linaingiaje? Madaktari wa Finland, Hannuksela na Lahti, waliandika mwaka 1977 kuhusu wagonjwa wa chavua ya mbetula ambao ngozi zao zilivimba zilipoguswa na matunda na mboga mbichi. Sababu yake ilikuja kuonekana wazi baadaye. Mwaka 1989 Heimo Breiteneder na wenzake huko Austria waliisoma jeni inayotengeneza Bet v 1, wakakuta inafanana sana na jeni ya mnjegere, ile inayomsaidia mnjegere kupambana na magonjwa. Mimi hapo ndipo nilipoelewa. Protini hii si sumu wala si kitu cha mbetula peke yake. Ni ukoo mzima wa protini za kujikinga, mimea mingi inao, na mmea huzizidisha unaposhambuliwa na ukungu au unapojeruhiwa. Epo lina ya kwake, inaitwa Mal d 1, na inafanana na ile ya mbetula kwa zaidi ya asilimia 60. Peasi, pichi, cheri, plamu, karoti, seleri, soya, karanga, njugu za hazeli na kiwi, vyote vina ndugu wa protini hiyo. Kingamwili iliyojifunza mbetula inamfananisha ndugu na ndugu, kama unavyopokea simu ya shangazi ukamwita mama kwa kuwa sauti ni ile ile.

Kwa hiyo binti yangu hakuanza na aleji ya epo. Alianza na aleji ya mti, na epo likafuata. Huku Ulaya ya kaskazini na ya kati, zaidi ya nusu ya watu wenye aleji ya mbetula hupata mwasho kwenye chakula fulani kibichi. Mtu mzima aliyehamia kutoka kwetu naye asijione salama kwa kuwa alikula maepo miaka yote bila shida. Tafiti za wahamiaji barani Ulaya zimeonyesha kwamba aleji za chavua huongezeka kadiri mtu anavyozidi kukaa. Mwili unahitaji misimu kadhaa ili ujifunze. Ukiona umeishi Stockholm au Oslo muda mrefu, ukaanza kukunwa na tunda ulilolizoea, usidhani umerogwa wala usilalamikie duka.

Mwaka jana tulikwenda nyumbani. Lushoto kuna baridi, na milima ya Usambara hutoa matunda ambayo wengine wanadhani ni ya Ulaya tu: peasi, plamu, pichi, hata maepo, madogo, magumu, yenye uchachu mzuri. Mama yangu alikuwa amemwekea mjukuu wake fungu zima. Nilimweleza, akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Hayo ni ya huko. Haya yametoka kwa jirani, hayajapuliziwa chochote." Lilikuwa ni jambo la haki kabisa kulisema. Usambara hakuna msitu wa mibetula. Chavua yenyewe haipo. Binti yangu akaling'ata kwa adabu ya bibi, akatafuna, kisha nikamwona anasugua ulimi kwenye meno ya juu, na ukingo wa mdomo umeanza kuwa mwekundu na kutuna kidogo upande mmoja.

Mama akasikitika sana. Akamwambia, "Pole mjukuu wangu, tema, tema hapa." Baadaye jioni akaniuliza swali lililo la kisayansi kuliko mengi niliyosikia: mti uko Sweden, mtoto yuko Lushoto, epo la Lushoto, sasa nani kamwambia mdomo? Jibu ni kwamba epo la Lushoto lina Mal d 1 kama epo lolote, na kingamwili zilisafiri naye ndani ya damu. Kuwa mbali na msimu wa chavua huwapunguzia wengine mwasho, lakini hakufuti kumbukumbu ya mwili.

Kilichomridhisha mama si maelezo yangu, ni sufuria. Alichemsha peasi na plamu kwa maji kidogo, sukari na iliki, mpaka zikalegea. Mtoto akala bakuli, akaomba tena. Protini za ukoo huu ni dhaifu: moto unazikunjua, zikipoteza umbo kingamwili hazizitambui tena. Asidi na vimeng'enya vya tumboni huzivunja vilevile, ndiyo maana mara nyingi shida inaishia mdomoni na kooni na haifiki mbali. Huku Umeå anakula keki ya epo, rojo la epo na jamu bila wasiwasi. Kuna tahadhari moja ambayo husemwa mara chache: mtoto mwenye pumu ya ngozi pamoja na aleji ya mbetula anaweza kuona ngozi inachafuka siku moja au mbili baada ya kula hata epo lililopikwa, kwa sababu seli nyingine za kinga hutambua vipande vya protini, si umbo lake. Kama ngozi ya mwanao ina tabia hiyo, angalia kalenda pamoja na sahani.

Mezani siku ile shangazi mmoja alisema yeye naye ana aleji, kwa sababu nanasi linamchubua ulimi. Hili linatakiwa litenganishwe. Nanasi lina kimeng'enya kinachomeng'enya protini, bromelaini, pamoja na vichembe vyenye ncha kali vinavyochoma, na linaweza kumchubua mtu yeyote akila jingi. Utomvu wa embe unaobabua midomo nao ni jambo jingine: embe na korosho ni wa jamii moja ya mimea, na mafuta yao ya ganda huudhi ngozi yanapoigusa. Waliobangua korosho kwa mikono Mtwara wanajua vidole vinavyobaki. Hayo hayana uhusiano na chavua.

Fenesi, kinyume chake, lina uhusiano, na habari hii ilinigusa kuliko zote. Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi walieleza kwamba mtu mwenye aleji ya mbetula anaweza kukunwa na fenesi, kwa sababu nalo lina protini ya ukoo ule ule. Tunda la Zanzibar na Tanga, na mti wa Skandinavia! Siku hizi maduka ya huku yanauza fenesi changa kama mbadala wa nyama, hivyo watu wa mibetula wanakutana nalo kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima. Binti yangu hajalijaribu. Nimemwambia bibi yake asimshangaze nalo.

Si kila mahali hadithi ni ya mbetula, na hapa ndipo ninapotaka mzazi anayesoma akiwa Madrid, Roma au Marseille aangalie kwa makini. Kule Mediterania pichi inaweza kuleta aleji kwa njia tofauti kabisa. Protini inayohusika inaitwa Pru p 3, imejaa zaidi kwenye ganda lenye manyoya, na haivunjwi na moto wala na tumbo. Mtu huyo hawezi kusaidiwa na sufuria ya mama yangu, na anaweza kuvimba mwili, kutapika, kushuka presha. Kusini mwa Ufaransa wameeleza hali nyingine inayounganisha pichi na chavua ya mti wa saipresi (cypress), na nayo huweza kuwa kali. Marekani ya Kaskazini kuna magugu yanayoitwa ragweed, ambayo chavua yake inaendana na tikiti na ndizi. Wauguzi wetu wengi walioko Ulaya nao walijue hili: mpira wa asili wa glavu una protini zinazofanana na za ndizi, parachichi na kiwi. Kwa hiyo mtu akikwambia mtandaoni "chemsha tu, haina shida", muulize kwanza anazungumzia mti gani.

Hata kwa mbetula kuna vyakula visivyo vya kuchezea. Soya ndiyo inayonitisha zaidi. Mwaka 2007 taasisi ya serikali ya Ujerumani inayotathmini hatari za vyakula ilitoa onyo kwamba watu wenye aleji ya mbetula wanaweza kupata madhara makali kutokana na vinywaji na unga wenye protini ya soya. Mtu anakunywa glasi nzima kwa haraka baada ya mazoezi, protini haikai mdomoni, inashuka nyingi kwa mpigo, na mwili unajibu kabla tumbo halijaivunja. Seleri mbichi nayo inaweza kuwa kali. Njugu za hazeli zinahitaji kipimo, kwa sababu zina protini dhaifu ya ukoo wa mbetula na pia zina protini nyingine imara zinazoleta hatari ya kweli. Kipimo cha ngozi cha kawaida kinaweza kusema tu "hazeli ndiyo". Kipimo cha damu kinachotenganisha protini moja moja kinasema ni ipi. Mwombe daktari hicho cha pili, umtajie Bet v 1 kwa jina. Kwetu kilibadilisha maisha ya nyumbani: tulijua kwamba karanga haina haja ya kuondoka jikoni.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani mwasho wa mdomo ni jambo la kupuuza kila mara. Sauti ikibadilika, pumzi ikibana, vipele vikitoka mwili mzima, mtoto akitapika au akilegea, hiyo si hadithi ya mdomo tena. Sweden piga 112. Mwenye sindano ya adrenalini aichome kwanza, mengine baadaye. Kwa maswali ya afya yasiyo ya dharura kuna namba 1177.

Kuhusu maepo yenyewe, hayalingani. Golden Delicious na Granny Smith huwakuna wengi. Huko Wageningen, Uholanzi, kuna aina inayoitwa Santana ambayo wengi wenye aleji ya mbetula huivumilia zaidi. Epo likikaa ghalani muda mrefu protini huongezeka, kwa hiyo epo la Septemba lililotoka mtini linaweza kupita, na epo lile lile mwezi wa Machi likakataa. Majaribio ya namna hiyo ni ya watu ambao daktari ameshahakikisha kwamba tatizo lao ni la mdomo tu.

Kuna pia tiba ya kuuzoesha mwili chavua ya mbetula, kwa sindano au vidonge vya chini ya ulimi, na huchukua takriban miaka 3. Kwa pua na macho inasaidia kweli. Kwa epo, matokeo ya tafiti yamegawanyika: wengine hurudi kula, wengine hawaoni tofauti. Tumeamua kuianza kwa ajili ya usingizi wake wa Mei, tukiliacha epo kando ya hesabu.

Shuleni nilipeleka karatasi yenye mistari michache. Nimeandika kwamba asipewe epo, peasi, cheri, pichi, plamu, kiwi wala karoti mbichi, kwamba vilivyopikwa anakula, kwamba kinywaji cha soya hapana kabisa, na kwamba ndizi na machungwa yawepo kila siku ili asikae bila tunda wenzake wakila. Mwalimu aliisoma, akaibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni, akaniuliza kama watoto wengine wawili wa darasa hilo, ambao nao huacha maepo, wapelekewe wazazi wao nakala. Nikamwambia ndiyo, na mmoja wao nikamtafsiria mimi mwenyewe, kwa Kiswahili cha Bukavu kadiri ninavyokiweza.